Vijito jangwani: Maneno yaliyozaliwa kando ya kitanda cha mgonjwa

MSOMAJI mpenzi, je, umewahi kumuuguza mtu kwa muda mrefu? Sizungumzii homa ya siku tatu ambayo huisha kwa vidonge na uji wa moto. Ninazungumzia ugonjwa unaoingia nyumbani kama mgeni, ukavua viatu, ukaketi na kukataa kuondoka. Wiki ya kwanza majirani na jamaa hujaa sebuleni. Huyu ameleta matunda, yule ameleta unga, na mwingine anaongoza maombi. Kufikia mwezi wa tatu wageni ni wa kuhesabika. Mwaka wa pili mnabaki wawili, wewe na mgonjwa wako, pamoja na saa ya ukutani ambayo usiku husikika kuliko mchana.

Aliyepitia hayo anajua jinsi maneno ya faraja yanavyokauka upesi. Jikaze. Yatapita. Mungu yupo. Yote ni maneno mema, lakini yakirudiwa mara ya mia moja na mtu ambaye atakwenda zake baada ya chai, huwa hayana tena ladha.

Karne moja iliyopita, mwanamke mmoja Mmarekani aliishi katika hali hiyo kwa miaka sita. Kutokana na usiku wake mwingi wa kukesha, alitoa kitabu ambacho hadi leo kinasomwa na mamilioni ya Wakristo duniani. Jina lake ni Lettie Cowman, nacho kitabu ni Streams in the Desert, yaani Vijito Jangwani. Huenda umekiona nyumbani kwa nyanya au shangazi yako, kimewekwa juu ya Biblia, kurasa zimekunjika pembeni. Kisa chake kinafaa kujulikana na kila familia yenye mgonjwa, na pia na kila kijana ambaye amesubiri jambo fulani mpaka akachoka kusubiri.

Karani wa telegramu na mkewe

Lettie Burd alizaliwa mwaka wa 1870 katika jimbo la Iowa. Mwaka wa 1889 aliolewa na Charles Cowman, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya kupokea na kutuma telegramu. Walihamia Chicago, na huko Charles akapanda cheo kazini. Maisha yao yalikuwa ya raha kiasi hadi walipoiamini Injili kwa dhati, wakaamua kuacha kazi na mshahara ili wawe wamishonari.

Mwaka wa 1901 walivuka bahari hadi Japani. Pamoja na mhubiri Mjapani aliyeitwa Juji Nakada, walianzisha shule ya Biblia mjini Tokyo. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa shirika la Oriental Missionary Society, ambalo siku hizi huitwa One Mission Society. Kuanzia mwaka wa 1913 hadi 1918 shirika hilo liliendesha kampeni ambayo hata leo inashangaza: kupeleka maandiko ya Injili katika kila nyumba nchini Japani. Vijiji vilifikiwa kwa miguu, mlango kwa mlango, na nyumba zilizofikiwa zilipita milioni 10.

Lakini kabla ya kampeni hiyo kukamilika, moyo wa Charles ulikuwa umechoka. Madaktari walimwamuru arudi kwao. Mume na mke wakaenda kuishi Los Angeles, katika jimbo la California, na hapo ndipo miaka ile sita ilipoanzia. Tazama kinaya chake, msomaji. Watu waliozoea kuhesabu safari zao kwa maelfu ya maili sasa walihesabu hatua za kutoka kitandani hadi dirishani. Usiku ndio uliokuwa mbaya zaidi, kwani maumivu ya moyo yalimfanya Charles akose usingizi, na mkewe akakesha naye.

Katika kukesha huko Lettie alisoma. Alisoma vitabu vya mahubiri, magazeti ya makanisa, mashairi, chochote kilichomwangukia mkononi. Palipomgusa, aliweka alama au alinakili. Humo mlikuwa na maneno ya Charles Spurgeon, mhubiri mashuhuri wa London. Mlikuwa na ya A. B. Simpson na F. B. Meyer, na ya George Matheson, mchungaji wa Scotland ambaye alikuwa kipofu. Polepole mkusanyiko huo ukawa akiba ya kila siku, kama mwanamke anayeweka kibaba cha nafaka pembeni kila anapopika.

Aliomba mumewe apone. Aliomba kwa imani yote aliyokuwa nayo, kwani alikuwa miongoni mwa watu walioamini kwamba Mungu huponya. Charles hakupona. Alifariki Septemba 1924, akiwa na umri wa miaka 56.

Mwaka uliofuata, 1925, kitabu kikatoka. Kwenye jalada mwandishi alitajwa kwa desturi ya enzi hizo, Bi Charles E. Cowman, yaani kwa jina la mume ambaye tayari alikuwa kaburini. Hapa ndipo penye uzito wa kisa chenyewe. Hakikuwa kitabu cha ushuhuda wa uponyaji. Kilitoka mikononi mwa mjane ambaye jambo kubwa aliloliomba hakulipata, lakini ambaye bado alikuwa na neno la kumwambia aliye gizani.

Kwa nini jangwa?

Utajiuliza, kwa nini mtu anayeishi katika jiji la Los Angeles akiite kitabu chake kwa jina la jangwa? Jina hilo alilitoa katika Isaya, sura ya 35, mstari wa 6, ambapo nabii anawatabiria watu waliokata tamaa kwamba maji yatachimbuka mahali pakavu.

Kiswahili chetu kina maneno mawili yanayofaa kutenganishwa hapa. Jangwa ni mahali pa mchanga na mawe, pasipo mti. Nyika ni uwanda mkavu wenye vichaka na majani machache, mahali ambapo mfugaji huweza kupeleka mbuzi mvua ikinyesha. Neno la Kiebrania midbar, ambalo limejaa katika Agano la Kale, linakumbatia yote mawili. Musa alikuwa akichunga kondoo katika nyika kama hiyo alipokiona kijiti kinachowaka bila kuteketea. Basi tunaposoma habari za jangwa katika Biblia, tusifikirie tu mahali pa kufa. Ni mahali ambapo mtu huishi kwa shida, siku moja baada ya nyingine, macho yakitafuta maji.

Wenzetu wa Marsabit, Wajir na Isiolo hawahitaji kuelezwa picha ya vijito jangwani. Wanazijua laga, ile mito ya mchanga ambayo mwaka mwingi huwa mikavu. Mvua hunyesha mbali, kwenye milima ambayo hata huioni, na ghafla maji huja yakinguruma mahali ulipokuwa ukipita kwa miguu jana. Yakishapita, laga huonekana kavu tena. Lakini mwenyeji hadanganyiki. Huchimba mchanga, na chini yake hupata maji ya kunywesha ng'ombe na watoto. Nchi ya Isaya nayo ina mito ya namna hiyo. Nabii hakuwa akibuni hadithi. Alikuwa akisema jambo ambalo wachungaji wa kwao walilijua kwa macho.

Waliokwenda wenyewe

Lettie Cowman hakulichagua jangwa lake, lakini wako waliolitafuta kwa hiari. Wa kwanza kujulikana sana ni Antonio wa Misri, aliyezaliwa yapata mwaka wa 251. Wazazi wake walipofariki walimwachia mashamba. Siku moja kanisani alisikia ikisomwa ile habari ya kijana tajiri aliyeambiwa na Yesu auze alivyo navyo. Aliuza, akawapa maskini, akaanza maisha ya upweke na sala, kila mara akisogea ndani zaidi ya jangwa. Alifariki mwaka wa 356. Askofu Athanasio wa Alexandria aliandika maisha yake, na kitabu hicho kikasomwa kote katika ulimwengu wa Kikristo wa wakati huo. Augustino, Mwafrika wa kaskazini, anasimulia jinsi kuzisikia habari za Antonio kulivyomtikisa kabla hajaongoka.

Baada ya Antonio, maelfu ya wanaume kwa wanawake walikwenda kuishi katika majangwa ya Misri. Mafundisho yao mafupi yalikusanywa, na miongoni mwa walimu walioheshimiwa kuna wanawake kama vile Sinkletika na Sara. Kanisa lililotunza urithi huo ni Kanisa la Kikopti la Misri. Wakazi wa Nairobi wanalijua bila kufikiri sana, kwani ndilo lenye Hospitali ya Coptic iliyoko barabara ya Ngong. Anayepeleka mgonjwa wake huko anahudumiwa na kanisa lililolelewa na jangwa.

Padri aliyenyweshwa maziwa

Mwingine ni Charles de Foucauld, Mfaransa aliyezaliwa Strasbourg mwaka wa 1858. Ujana wake ulikuwa wa anasa na jeshi, na imani aliiacha kabisa. Mwaka wa 1886, mjini Paris, alimrudia Mungu. Aliingia utawani, akaishi Nazareti kama mtumishi wa kawaida, akapewa upadri mwaka wa 1901, kisha akahamia katika jangwa la Sahara nchini Algeria. Tangu 1905 makazi yake yalikuwa Tamanrasset, miongoni mwa Watuareg, ambao ni Waislamu. Alijifunza lugha yao mpaka akatunga kamusi yake kubwa, iliyochapishwa katika majuzuu manne miaka mingi baada ya kifo chake.

Wapo wanaomlaumu kwa kuwa karibu na maafisa wa jeshi la wakoloni wa Kifaransa, na lawama hiyo ina msingi. Lakini kuna tukio moja ambalo halisahauliki. Januari 1908, wakati wa ukame mkali, Foucauld aliugua mpaka akashindwa kusimama. Alikuwa amegawa chakula chake, na mwili ulikuwa umekwisha. Watuareg, ambao wenyewe walikuwa na njaa, waliwatafuta mbuzi wachache waliokuwa bado na maziwa, wakamletea, wakamnywesha hadi akapata nafuu.

Mtu huyu alikwenda jangwani akidhani yeye ndiye mtoaji. Kumbe ilibidi alale chini, awe mpokeaji, aokolewe na majirani maskini wa dini nyingine. Tangu hapo urafiki wao ulikuwa wa namna nyingine.

Foucauld aliuawa kwa risasi tarehe 1 Desemba 1916. Alikuwa ametamani sana kuanzisha undugu wa watu wa kuishi kama yeye, lakini siku hiyo hakuna aliyekuwa akiishi naye. Mwaka wa 1933 kundi la Wafaransa wachache lilianzisha jangwani Algeria shirika la Ndugu Wadogo wa Yesu kwa kufuata nyayo zake, na mwaka wa 1939 likafuata lile la Masista Wadogo wa Yesu. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu tarehe 15 Mei 2022. Mvua ilinyesha mbali, na laga ikajaa yeye hayupo.

Jangwa katikati ya mji

Miongoni mwa waliomfuata alikuwa Carlo Carretto, Mwitaliano aliyekuwa kiongozi mashuhuri wa vijana Wakatoliki nchini mwake. Mwaka wa 1954, akiwa na miaka 44, aliacha ofisi na mikutano, akajiunga na Ndugu Wadogo huko Algeria. Jangwani alipata pigo: alidungwa sindano isiyofaa na rafiki aliyekuwa akijaribu kumsaidia, na mguu wake ukapooza. Kitabu chake cha Barua kutoka Jangwani kilitoka mwaka wa 1964 na kimetafsiriwa katika lugha nyingi.

Baadaye Carretto aliandika kitabu kingine kuhusu jangwa lililo ndani ya mji. Hoja yake ni kwamba asiyeweza kwenda Sahara si lazima aikose faida ya Sahara. Anaweza kutenga saa moja na pembe moja ya nyumba, akanyamaza mbele za Mungu.

Wewe unayeishi Kayole au Githurai, ambapo spika za matatu huanza kabla ya jogoo na jirani wa juu huburuta viti usiku wa manane, utasema hilo ni rahisi kulisema Italia. Lakini kunyamaza kunakotajwa hapa si ukosefu wa kelele. Ni kuacha kwa muda kukimbizana na kila kinachokuita. Mama anayetoka nje kuanua nguo saa kumi na mbili jioni, akasimama dakika tano kabla ya kurudi jikoni, ameshaingia jangwani na kutoka.

Hii pia ndiyo siri ya umbo la kitabu cha Lettie Cowman. Kina masomo mafupi ya mwaka mzima, kila tarehe na lake. Juu kuna andiko la Biblia, chini yake maneno machache ya mafundisho, na mara nyingi ubeti wa shairi au wimbo. Anayeuguza mtu hana nafasi ya kusoma sura nzima, lakini ana dakika tano maji yakichemka.

Dawa ikizidi kipimo

Hata hivyo, msomaji, kuna jambo ambalo wapenzi wa maandishi haya hulisahau, na linaumiza watu. Maneno ya jangwani hugeuka yakibadilishwa kinywa. Lettie alipojiambia usiku, kando ya mumewe, kwamba huenda shida hii ina maana, hiyo ilikuwa sala. Wewe mwenye afya ukisimama juu ya kitanda cha mwenye saratani na kumwambia kwamba shida yake ina maana, huenda hiyo isiwe sala tena. Huenda ikawa njia ya kumnyamazisha ili wewe usisumbuke.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Biblia yenyewe inatoa mfano mzuri katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Eliya anakimbilia nyikani, anaketi chini ya mti na kumwomba Mungu afe. Ukitazama vizuri, hapewi mahubiri. Hakemewi kwa kukosa imani. Analala. Anaamshwa na kukuta mkate na maji, anakula, na analala tena. Mazungumzo yanakuja baadaye sana, baada ya tumbo kushiba na mwili kupumzika.

Ukiyatazama yote haya pamoja, utaona yanakubaliana. Foucauld aliletewa maziwa. Eliya aliletewa mkate. Kijito cha jangwani aghalabu huja kikiwa ndani ya kibuyu cha mtu.

Nyumbani ufanye nini?

Kwanza, kama wewe ndiye unayeuguza, usione haya kulalamika mbele za Mungu. Zaburi nyingi ni malalamiko matupu, na bado zimo katika Maandiko. Soma kidogo kidogo. Uwe na daftari la shilingi chache, unakili humo kila neno linalokushika, liwe la Biblia, la mhubiri au la nyanya yako. Vijito Jangwani kilianza hivyo hivyo, bila mpango wa kuwa kitabu.

Pili, imani isiwe kisingizio cha kumwacha mgonjwa aumie. Charles Cowman alikuwa mtu wa maombi na alitibiwa na madaktari. Siku hizi kuna huduma ya kupunguza maumivu kwa wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Hospisi ya Nairobi, iliyoko katika eneo la Hospitali Kuu ya Kenyatta, imefanya kazi hiyo tangu 1990, pamoja na kuzisaidia familia za wagonjwa. Kuomba msaada huo si kukata tamaa.

Tatu, kwako mwanafunzi au kijana uliyemaliza chuo na kuzunguka ofisi za jiji hadi soli za viatu zikaisha. Jangwa lako si la ugonjwa, lakini ni jangwa. Usiwaamini wanaokuahidi kwamba ukifunga na kutoa sadaka fulani utapata kazi kabla ya mwezi kuisha. Waandishi hawa tuliowataja hawakuahidi tarehe. Walichoahidi ni kwamba mtu anaweza kusubiri bila kuoza moyo, na kwamba kazi ndogo inayofanywa katika kusubiri haipotei. Foucauld aliandika kamusi. Lettie, baada ya miaka sita ya kukaa chumbani, aliliongoza shirika lao kuanzia 1928 hadi 1949, na alifariki mwaka wa 1960 akiwa na miaka 90. Kitabu chake kilifika mbali kuliko miguu yake. Rais Chiang Kai-shek wa Taiwan alipofariki mwaka wa 1975, tafsiri ya Kichina ya Vijito Jangwani ilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyowekwa ndani ya jeneza lake.

Mwisho, kwenu nyote ambao leo Jumapili mmetoka kanisani mkiwa wazima. Bila shaka mnakumbuka nyumba moja mliyoitembelea ugonjwa ulipoanza, na ambayo hamjairudia. Rudini. Chukueni unga, au maziwa pakiti mbili. Mkifika, kabla ya kuomba, muulizeni yule anayeuguza amelala saa ngapi wiki hii. Kisha mmoja wenu abaki huko usiku wa leo, ili yeye apate kulala.